Mpira wa mkojo nyumbani: mwili unavyoupokea na namna ya kuutunza

Mzee akitoka wodini na mpira wa mkojo, yaani bomba laini linaloingizwa kibofuni kutoa mkojo, kazi ya nesi inahamia kwa watu wa nyumbani: mke, binti, mjukuu, pengine kijana wa jirani mwenye bodaboda ya kumpeleka kliniki. Hao ndio tunaowaandikia. Huku kwetu Lindi na Mtwara, kama kwingineko, wengi wa wazee wenye mpira ni wale ambao tezi dume imevimba ikaziba njia ya mkojo, nao wanasubiri upasuaji. Wapo pia walioanguka mnazi au mkorosho wakaumia uti wa mgongo, na wapo akina mama waliorekebishwa fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, ambao kibofu chao kinahitaji kupumzika mpaka mshono upone.

Mpira ukishaingia, mwili hauuzoei. Kuna wagonjwa wanaouzoea wao, wakatembea nao shambani na msikitini kana kwamba haupo, lakini kibofu na njia ya mkojo vinaendelea kuutambua kama kitu kigeni saa zote, mchana na usiku. Karibu kila tatizo linalomrudisha mgonjwa hospitali, iwe kuziba, kuvuja, damu au homa, ni jibu la mwili kwa kile kitu. Kwa hiyo kabla ya kueleza namna ya kuosha na kumwaga, tueleze kwanza kile kitu chenyewe.

Usome mpira kabla ya kuutunza

Mpira wa kawaida wa kukaa nao unaitwa Foley, kwa jina la Frederic Foley, daktari wa Marekani aliyeutengeneza katika miaka ya 1930. Una njia mbili ndani yake. Njia kubwa inapitisha mkojo. Njia nyembamba inapeleka maji kwenye puto dogo karibu na ncha, na puto hilo ndilo linalozuia mpira usichomoke. Nje ya mwili mpira unagawanyika kama panda ya manati: tawi pana linaungwa na mfuko, tawi jembamba lina vali yenye rangi.

Rangi ya vali ni kipimo. Nyeupe ni namba 12, kijani 14, chungwa 16, nyekundu 18, njano 20. Ukigawa namba kwa 3 unapata unene kwa milimita, hivyo namba 16 ni zaidi kidogo ya milimita 5. Mwanamume mzima kwa kawaida anatosheka na 14 au 16, mwanamke 12 au 14. Namba kubwa zaidi huwekwa kwa sababu maalumu, kwa mfano mkojo unapotoka na mabonge ya damu. Kando ya namba utaona kimeandikwa kiasi cha maji ya puto. Kwa mtu mzima mara nyingi hujazwa mililita 10 za maji safi ya hospitali yasiyo na chumvi. Maji ya chumvi ya dripu hayafai, kwa sababu chumvi inaweza kuganda ndani ya ile njia nyembamba, na siku ya kutoa mpira puto likagoma kunywea.

Sasa malighafi. Mpira wa rangi ya kahawia au njano isiyopitisha mwanga ni lateksi, utomvu wa mti wa mpira, mara nyingi ukiwa umepakwa silikoni kwa juu. Ule unaong'aa, unaoona mkojo ukipita ndani yake, kwa kawaida ni silikoni tupu. Mfuko wa mkojo na bomba lake ni plastiki ya PVC. Zote tatu ni polima, yaani molekuli ndogo zilizoungana mfululizo mpaka zikawa minyororo mirefu, mithili ya shanga kwenye uzi. Tofauti ya shanga na namna nyuzi zilivyosokotana ndiyo inayofanya mmoja uvutike, mwingine ustahimili joto, na mwingine uwashe ngozi.

Lateksi ina protini za mti ndani yake na kemikali za kiwandani zilizotumika kuiimarisha. Vyote viwili huchokoza utando laini wa njia ya mkojo. Silikoni haina protini, ukuta wake ni mwembamba zaidi, na kwa unene uleule wa nje tundu lake la ndani ni pana zaidi. Ndiyo maana lateksi ya kawaida hukaa wiki 2 hadi 4 kutegemea mtengenezaji, na silikoni tupu hadi wiki 12. Usikisie. Omba pakiti ya mpira siku unapowekwa, andika juu yake tarehe ya kuwekwa, namba, maji ya puto na tarehe ya kubadilisha, kisha iweke pamoja na kadi ya kliniki. Hospitali ikisema wiki 4, ni wiki 4, hata kama mkojo bado unatoka vizuri.

Mwili unafanya nini

Mtu akiwekewa vijiti vya uzazi wa mpango mkononi, navyo ni polima, chembe za kinga zinakizunguka kijiti na kujaribu kukimeza. Zikishindwa, zinakijengea ala nyembamba ya kovu, na mambo yanatulia. Siku ya kukitoa, nesi anaichana ala hiyo kwanza ndipo kijiti kitoke. Mpira wa mkojo hauwezi kufungiwa namna hiyo. Ncha moja iko ndani ya kibofu, nyingine iko nje, na njia kati yake iko wazi.

Ndani ya dakika chache tangu mpira uguse mkojo, protini zilizomo kwenye mkojo zinajibandika juu yake na kuufunika kwa utando usioonekana. Kuanzia hapo mwili haushughuliki tena na lateksi au silikoni tupu. Unashughulika na ule utando. Bakteria nao wanaupenda. Wanashuka juu yake, wanashikana, wanatoa ute wao wenyewe na kujenga makazi yanayoteleza, kama ule utelezi unaoota ndani ya mtungi usiosuguliwa. Kila siku ambayo mpira unakaa, uwezekano wa bakteria kuingia kwenye mkojo huongezeka kwa asilimia 3 hadi 7. Ukifika mwezi mmoja, karibu kila mwenye mpira ana bakteria kwenye mkojo wake.

Jambo hili lina matokeo makubwa kwa pesa zako. Mkojo wa mwenye mpira ukipimwa, majibu yataonyesha bakteria. Ukiwa na ukungu au harufu kali peke yake, bila homa wala maumivu, hiyo si sababu ya kununua dawa za kuua bakteria. Dawa hazipenyi vizuri kwenye ule ute, zinaua wale dhaifu na kuwaacha sugu, na siku homa ya kweli itakapokuja hakutakuwa na dawa inayofanya kazi.

Kisha kuna chokaa. Baadhi ya bakteria, hasa aina iitwayo Proteus mirabilis, wana kimeng'enya kinachovunja urea ya mkojo na kuwa amonia. Mkojo unapoteza uchachu wake, na madini ya magnesiamu, kalsiamu na fosfati yaliyokuwa yameyeyuka yanaganda. Utazame mpira wa wiki sita uliochomolewa kwa mgonjwa wa namna hii: kwenye matundu mawili ya ncha kuna ukoko mweupe wa kijivu, mkavu, unaochubuka ukiuparuza kwa ukucha, sawasawa na ule unaoganda ndani ya birika la kuchemshia maji ya kisima. Tundu lililopaswa kupitisha mkojo limebaki kama la sindano. Sehemu ya ukoko imeshika puto, na wakati wa kuchomoa inakwaruza njia nzima.

Nyama nayo inajibu. Utando wa kibofu unapoguswa na ncha unakuwa mwekundu, unavimba, unatoa ute. Msuli wa kibofu unakaza kujaribu kulisukuma puto nje, na hapo mgonjwa anahisi haja kali ya kukojoa ingawa mkojo unatoka. Mpira ukivutwa muda mrefu, njia ya mkojo inapona kwa kovu, na kovu linabana. Mwanamume anaweza kutolewa mpira wa tezi dume akaja kuanza shida mpya ya njia iliyosinyaa.

Kuosha, na habari ya mafuta

Osha mara moja au mbili kwa siku, na kila mgonjwa akichafuka kwa choo. Lita moja ya maji safi inatosha. Kwa nyumba za uwanda wa Makonde ambako maji ni ya kununua au ya kuvuna, lita hiyo usiiache, lakini maji ya kunywa ya mgonjwa yatangulie. Maji ya kisima cha wazi au lambo yachemshwe, yapoe.

Nawa mikono kwa sabuni kwanza. Tumia kitambaa safi cha kazi hiyo peke yake na sabuni ya kawaida ya kuogea. Mwanamke apanguswe kutoka mbele kwenda nyuma. Mwanamume asiyetahiriwa, vuta ngozi nyuma, osha, halafu irudishe mbele palepale, maana ikiachwa nyuma inakaba na kuvimba. Kisha shika mpira karibu na mwili usivutike, na uusafishe kuanzia mwilini kwenda nje, kama sentimita 10. Usirudi nyuma na kitambaa. Suuza, kausha kwa kugusagusa. Dawa za kuulia vijidudu, spiriti, poda na majani ya kuchemsha visiwekwe hapo. Vinachubua ngozi na bakteria hawapungui.

Mafuta ndiyo tunayoomba mtuelewe vizuri, kwa sababu pwani hii kila nyumba ina chupa ya mafuta ya nazi, na mkono wa upendo huwa mwepesi kuyapaka mahali panapowasha. Lateksi hunywa mafuta. Minyororo yake inaachana, mafuta yanakaa katikati, mpira unavimba na kulegea. Ukitaka kuona, pulizia puto la sherehe la watoto, lipake tone la mafuta ya nazi sehemu moja, uliache. Sehemu hiyo itadhoofika na puto litapasuka hapohapo. Puto la mpira wa lateksi lililo ndani ya kibofu cha mzee limetengenezwa kwa lateksi ileile. Likipasuka, mpira unachomoka, na kipande kilichobaki ndani kinakuwa mbegu ya jiwe la kibofu. Mafuta ya mgando ya kujipaka nayo yana madhara hayo. Silikoni inayavumilia zaidi, ila mafuta yanashika vumbi na uchafu, kwa hiyo sheria iwe moja kwa wote: mafuta hayakaribii mpira. Panapokauka na kuuma, maji safi yanatosha mpaka mwende zahanati.

Kufunga pajani

Mpira unaoning'inia unavuta puto dhidi ya shingo ya kibofu kila mgonjwa anapopiga hatua. Bandika plasta au funga mkanda wa kitambaa laini juu ya paja, ukiacha ulegevu wa vidole viwili au vitatu kati ya plasta na mwili. Kwa mwanamume mwenye kukaa na mpira muda mrefu, ni vizuri zaidi uelekezwe juu, upande wa kinena au chini ya tumbo, ili usikunje na kukandamiza upande wa chini wa uume. Mkandamizo wa wiki nyingi hapo hukata nyama taratibu, na uume hupasuka upande wa chini mpaka njia ikawa wazi. Mgonjwa aliyepooza hahisi maumivu ya jambo hili, kwa hiyo ni jicho lako linalohitajika, kila siku wakati wa kuosha. Badilisha paja kila baada ya siku chache.

Mfuko

Mfuko mkubwa unabeba lita 2 na ndio wa usiku. Wa pajani unabeba nusu lita au zaidi kidogo na ndio wa mchana. Uwe chini ya kibofu wakati wote na usiguse sakafu. Ukiwa kitandani uning'inize kwenye ubavu wa kitanda, au uweke ndani ya ndoo safi iliyotengwa. Watu huuweka mfuko juu ya godoro pembeni ya mgonjwa ili usionekane na wageni. Mkojo wa jana unarudi kibofuni na bakteria wote waliomo.

Mwaga ukifika nusu, au theluthi mbili kwa kuchelewa sana:

1. Nawa mikono. Vaa glovu kama zipo.
2. Weka chombo safi chini ya bomba la kutolea. Chombo hicho kiwe cha mgonjwa huyo tu.
3. Fungua kifungio, mkojo utoke. Ncha ya bomba isiguse chombo.
4. Funga, pangusa ncha kwa kitambaa safi au karatasi.
5. Soma kiasi, kiandike kwenye daftari pamoja na saa. Nawa tena.

Pale mpira unapoungana na mfuko pasifunguliwe ovyo. Kila ukifungua, umefungua mlango. Pafunguliwe tu siku ya kubadilisha mfuko, takriban kila siku 7, au ukitoboka. Usiku, badala ya kuutoa mfuko wa pajani, unganisha mfuko mkubwa kwenye bomba lake la kutolea na uache kifungio wazi.

Kwa nini kuandika kiasi? Mtu wa kilo 60 anapaswa kutoa angalau mililita 30 kwa saa. Chini ya hapo kwa saa kadhaa, ama hanywi maji, ama mpira unaziba, ama figo zina shida. Kinyume chake pia kipo: mzee aliyezibwa muda mrefu akishawekwa mpira, figo zinaweza kufungulia mkojo mwingi kupita kiasi, zaidi ya mililita 200 kila saa. Akikauka midomo, akalegea, akasikia kizunguzungu, arudi hospitali siku hiyohiyo, kwani anapoteza maji na chumvi.

Anywe lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, na zaidi kidogo katika joto la Novemba na Desemba, isipokuwa daktari amemzuia kwa sababu ya moyo au figo. Mkojo uwe wa rangi ya njano hafifu. Maji ya limau au ndimu yana asidi ya sitriki, ambayo hushikana na kalsiamu na kuchelewesha ukoko. Yaingie kwenye hesabu ya vinywaji vya siku.

Swala, shamba, safari

Mfuko wa pajani unakaa vizuri chini ya msuli au kanzu, na mwenye kuswali aumwage kabla ya kutawadha. Wakati wa kusujudu kiwiliwili kinashuka na mfuko uliojaa unaweza kuwa juu ya kibofu. Ukiwa mtupu hakuna cha kurudi. Masuala ya twahara kwa mwenye mkojo unaotoka mfululizo yana hukumu zake, na sheikh wa msikiti wenu atayaeleza. Kuhusu funga ya Ramadhani, tunasema wazi: kukaa saa nyingi bila maji kunakoleza mkojo na kuharakisha ukoko. Ruhusa ya mgonjwa ipo. Anayeshikilia kufunga ashauriane kwanza na daktari, na ahakikishe ile lita moja na nusu inatimia kati ya futari na daku.

Msimu wa korosho, mzee anayeweza kutembea anaweza kukaa kivulini akachambua korosho. Asibebe magunia. Kunyanyua mzigo kunakaza tumbo na kusukuma puto. Mafuta ya ganda la korosho yanayounguza mikono yasifike kwenye mpira wala sehemu za siri. Anawe vizuri kabla ya kuushika. (Na mtu anayebabuka mikono kwa ganda la korosho asidhani moja kwa moja ana aleji ya lateksi. Ni vitu viwili tofauti.)

Mpira na mifuko ya akiba isiwekwe chini ya bati linalochomwa na jua wala dirishani. Joto na mwanga wa jua huikata minyororo ya lateksi, mpira ukawa na nyufa ndogo au ukanata. Sanduku ndani ya chumba chenye kivuli, mbali na jiko, linatosha. Mpira uliokunjwa kwa kufungwa na rababendi nao tunaushuku. Bila kufungua pakiti, tazama tarehe ya mwisho na hakikisha haina tobo.

Mambo yakiharibika

*Mkojo hautoki.* Fuata bomba kwa vidole tangu mwilini hadi mfukoni: limekunjwa, limelaliwa, mfuko umejaa, mfuko uko juu? Mgeuze mgonjwa, mkalishe, mpe maji. Gusa chini ya kitovu. Pakiwa pamevimba na pagumu, au saa 4 zikipita bila mkojo wakati anakunywa, mpira umeziba na unatakiwa kubadilishwa sasa hivi. Usisukumie maji kwa bomba la sindano nyumbani. Kwa aliyeumia uti wa mgongo sehemu ya juu ya kifua au shingoni, kuziba kunaweza kupandisha presha ghafla: kichwa kinauma sana, uso unaiva, jasho linatoka juu ya sehemu iliyoumia. Mkalishe wima, legeza nguo, nyoosha bomba, na safari ianze bila kungoja basi la asubuhi.

*Unavuja pembeni.* Wengi huomba mpira mnene zaidi. Ni kosa, maana mpira mnene unachokoza zaidi na kibofu kinakaza zaidi, kikasukuma mkojo pembeni. Angalia kwanza kama umeziba. Kisha uliza habari ya choo. Choo kigumu kinakandamiza kibofu kwa nyuma. Papai, kisamvu na maji husaidia. Ukiendelea kuvuja, kuna dawa za kutuliza msuli wa kibofu anazoweza kuandika daktari.

*Damu.* Rangi ya waridi siku moja au mbili baada ya kubadilisha ni kawaida. Damu nzito, mabonge, au damu baada ya mpira kuvutwa, hospitali.

*Mfuko umegeuka zambarau.* Hili linatisha, na watu wamewahi kulitafsiri kama kurogwa. Ni kemia. Bakteria fulani hubadilisha mabaki ya protini ya chakula kuwa rangi mbili, ya buluu na nyekundu, ambazo hushika kwenye plastiki ya PVC ya mfuko na bomba. Hutokea zaidi kwa wazee wenye choo kigumu. Mgonjwa akiwa mzima, badilisha mfuko, shughulikia choo, na utaje kliniki. Akiwa na homa, nenda siku hiyo.

*Homa.* Akipata homa, kutetemeka, maumivu ya kiuno upande mmoja au chini ya tumbo, au mzee akianza kuchanganyikiwa ghafla, mwambie anayempima tangu mlangoni kwamba ana mpira. Ukanda wetu una malaria, na kipimo kinaweza kutoka chanya huku maambukizi ya mkojo yakiendelea kumla. Kupatikana kwa malaria kusizuie mkojo kuangaliwa. Na kama mpira umekaa zaidi ya wiki 2, ubadilishwe kwanza, mkojo wa kupima uchukuliwe kwenye mpira mpya. Ule wa mfukoni haufai kwa kipimo.

*Aleji.* Kuwasha, vipele au uvimbe palipogusa lateksi. Vibaya zaidi, mafua ya ghafla, kifua kubana, uso kuvimba, presha kushuka. Ambao wamewahi kuwashwa midomo kwa puto, glovu au kondomu, au wanaowashwa koo kwa ndizi, parachichi au papai, waseme kabla ya kuwekwa. Watoto waliozaliwa na mgongo wazi wapewe silikoni tangu mwanzo, kwa sababu miili yao hujenga aleji ya lateksi kwa urahisi.

Kubadilisha na kutoa

Mpira uwekwe na mhudumu aliyefunzwa. Hata hivyo ni haki yako kujua kazi nzuri inavyoonekana: glovu safi za pakiti, mpira uliofunguliwa palepale, jeli ya ganzi kama mililita 10 kwa mwanamume na kungoja dakika 3 hadi 5 ifanye kazi. Kwa mwanamume mpira huingizwa karibu wote, mpaka kwenye panda, mkojo uonekane, ndipo puto lijazwe. Puto likijazwa mpira ungali njiani, mgonjwa atasikia maumivu makali na damu itatoka. Akilia kwa maumivu wakati puto linajazwa, mhudumu asimame, atoe maji, asogeze mpira ndani.

Wakati wa kutoa, bomba tupu la sindano la mililita 10 linachomekwa kwenye vali na maji yanaachwa yatoke yenyewe. Kuvuta kwa nguvu kunafanya njia nyembamba ishikamane, na puto la silikoni hubaki na mikunjo inayokwaruza. Silikoni pia hupoteza maji kidogokidogo kupita kwenye ukuta wake, kwa hiyo yakitoka mililita 7 badala ya 10 si ajabu. Usikate mpira kwa mkasi. Wako wanaofundishana kwamba ukikatwa maji yatamwagika. Puto likigoma, kilichobaki kinateleza ndani na sasa anahitaji upasuaji. Na mgonjwa aliyechanganyikiwa akiuchomoa na puto lake likiwa limejaa, bana kwa kitambaa safi, umlaze, mwende hospitali pamoja na ule mpira, ili waone kama puto lilitoka zima.

Anayeambiwa atakaa na mpira kwa miezi aulize njia nyingine: mpira wa kupitia tumboni juu ya kinena, ambao hauharibu njia ya mkojo, au kujitoa mkojo kwa mpira mwembamba mara 4 hadi 6 kwa siku na kuuondoa, ambapo mwili haupati muda wa kuujengea ukoko. Mwenye tezi dume aulize tarehe ya upasuaji waziwazi, pale hospitali ya Ligula, Sokoine, Ndanda, Nyangao au popote anapotibiwa. Kila mwezi wa kungoja una bei yake kwenye kibofu.

Mpira ukitolewa moja kwa moja, utolewe asubuhi na mapema, mgonjwa anywe maji kama kawaida, na ahesabu mara anazokojoa. Kuungua kidogo siku ya kwanza na ya pili hutokea. Saa 6 zikipita hajakojoa, au anatoa matone huku tumbo linajaa, arudi kabla giza halijaingia na magari ya kwenda mjini hayajaisha.